Udongo wa msitu: siku sita za Muheza na Amani

Siku ya kwanza. Dar es Salaam hadi Muheza

Nimetoka stendi ya Magufuli kabla jua halijachomoza, na mkoba mmoja, daftari na kalamu mbili. Safari hii nadaiwa na mtoto wa darasa la nne.

Nina kitalu kando ya barabara, huu mwaka wa tisa. Nauza miche ya matunda, miti ya kivuli na maua ya ndani, na kila Jumamosi asubuhi nafundisha bustani watoto wa shule ya msingi ya jirani. Siku moja nilikuwa nawaonyesha ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya, lile ambalo wateja wangu huliita violeti na vitabu huliita Saintpaulia. Mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, hili ua kwao wapi?" Nikamjibu bila kusita kwamba kwao Ulaya. Ndivyo nilivyoamini, maana nimelijua kwenye vyungu vya madirishani na kwenye kadi za posta. Miezi baadaye nikasoma kwamba kwao ni hapahapa, milima ya Usambara na miamba ya jirani na mji wa Tanga. Nilirudi darasani nikasahihisha, lakini nikaona haitoshi. Siwezi kufundisha watu kulea kitu ambacho sijawahi kukiona kwao.

Kuna jambo la pili, na hili limenikaa vibaya zaidi. Kila mwenye kitalu anajua fomula ya udongo wa viriba: madebe matatu ya udongo wa msitu, moja la samadi, moja la mchanga. Mimi huletewa ule udongo kwa Canter, mweusi, mwepesi, unanukia mvua. Miaka yote tisa sijawahi kumuuliza kijana anayeuleta ameuchimba wapi.

Segera tukakata kulia, mkonge kushoto na kulia, Hale, halafu Muheza. Ni Julai, na Muheza ya Julai ni machungwa: kwenye matenga, kwenye matoroli, kwenye mikono ya watoto wanaokimbilia madirisha ya basi.

Jioni nimefika kwa mzee mmoja fundi wa kubebesha, yaani kupandikiza jicho la mti mmoja kwenye shina la mwingine; nilielekezwa kwake na mteja. Amekaa kwenye kigoda katikati ya mistari ya miche ya limau.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye kivuli. Una mikono safi?"

Nikanawa. Akanionyesha anavyofanya, na ingawa nami nabebesha, nilitazama kama mwanafunzi. Shina ni limau kali, unene wa penseli, kwa sababu mizizi yake inavumilia ukame. Anapasua gome kwa alama kama herufi T, kiasi cha kiganja na nusu kutoka ardhini. Kisha kwenye kijiti cha mchungwa wa Valencia analichukua jicho, analikata kama anayemenya, na kipande chembamba cha gome chini yake. Hakigusi kwa ndani hata kidogo; anakishika kwa kile kikonyo cha jani kilichobaki. Anafungua gome la limau kwa ncha ya kisu, anatelezesha jicho ndani, anafunga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu ili maji yasiingie. Nilimhesabia: chini ya dakika moja.

"Wiki tatu unafungua," alisema. "Likiwa kijani, limekubali. Likiwa jeusi, umelichelewesha hewani."

Nilimuuliza maji anatoa wapi. Akaelekeza kisu upande wa magharibi, kwenye ukuta wa milima wenye wingu juu. Kijito kinachopita nyuma ya shamba lake kinatoka kule. Akaniambia zamani kilikuwa hakikauki Februari, na sasa kuna miaka kinabaki madimbwi. Hakusema zaidi. Akachukua mche mwingine.

Siku ya pili. Muheza hadi Amani kupitia Sigi

Gari la Amani limejaa: magunia, kuku, mama mwenye mche wa parachichi ameukumbatia kama mtoto. Barabara ni ya vumbi hadi vilimani, halafu baridi inaingia dirishani ghafla na miti inakutana juu ya barabara.

Tulisimama Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Hapa ndipo reli ndogo ya Wajerumani ilipoishia; ilitoka Tengeni, kule chini kwenye reli kuu ya Tanga, kuja kubeba mbao. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, imekarabatiwa, na ndani yake sasa wageni wanapata maelezo ya hifadhi. Jengo lililosimamia kuondoka kwa miti linapokea watu wanaokuja kuitazama miti. Nilikaa kwenye ngazi zake nikausikiliza mto Zigi chini.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ina hekta 8,380. Milima yake ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya ikashuka hadi Udzungwa. Ni milima mikongwe iliyoshika mvua ya Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, kila mlima ukiwa kama kisiwa, na ndiyo maana kuna mimea iliyoko hapa tu na kwingine hakuna.

Jioni Amani ina ukungu. Chakula cha usiku: ugali na kisamvu cha mpira. Nimekula kisamvu hiki tangu utotoni nikijua tu kwamba ni laini kuliko kile cha muhogo. Nitaeleza kesho kutwa kwa nini nakiandika hapa.

Siku ya tatu. Msituni

Kiongozi wetu ni mwenyeji wa kijiji cha hapa, anatembea bila kuvunja hata kijiti. Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mwanafunzi wa chuo kikuu anayefuatilia vinyonga. Sharti la kwanza alilotupa njiani: "Hapa hatuchumi, hatung'oi. Hata jani moja." Alinitazama mimi zaidi, kwa sababu nilishamwambia kazi yangu.

Saa ya kwanza ni ya kupanda. Mitambara imesimama kama nguzo, mashina yamenyooka hadi shingo inauma kuyafuata. Chini kuna giza la kijani na harufu ileile, nikaitambua papo hapo: harufu ya Canter ikishusha mzigo kwangu. Niliinama nikaingiza vidole. Juu kuna majani makavu mazima, chini yake majani yaliyooza nusu yaliyoshikana kwa nyuzi nyeupe za ukungu, chini yake tena kitu cheusi chepesi chenye mizizi mingi myembamba kama nywele. Unene wote ni kiganja changu tu. Chini ya hapo ni udongo mwekundu, mgumu, wa kawaida. Nilishtuka. Nilidhani udongo wa msitu una kina, kwamba mtu akichimba anachimba shimo. Kumbe ukitaka kujaza gari moja lazima ukwangue eneo kubwa, na pamoja na huo udongo unazoa mbegu zote zilizolala zikisubiri mti mkubwa uanguke ziote. Niliurudisha nikaufunika.

Ua lenyewe tulilikuta kwenye korongo la kijito, upande usiopigwa na jua. Kwanza niliona mwamba tu, umelowa, umefunikwa na kuvumwani, vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda kwenye mawe yenye unyevu. Kiongozi akasema, "Tazama chini ya ile pembe."

Lilikuwa dogo kuliko yangu ya kitaluni. Majani machache tu, mengine yametobolewa na wadudu, yamelala bapa juu ya mwamba kama viganja. Halikuwa na udongo wowote wa kusema. Mizizi ilikuwa ndani ya zulia jembamba la kuvumwani kwenye ufa. Maua matatu, buluu ya zambarau iliyopauka, kila moja na vitone viwili vya manjano katikati. Nilipiga magoti kwenye maji. Miaka tisa nimeuza ua hili, nimelikata, nimelizalisha, nimewaambia watu limwagilieni chini msilowanishe majani, na sasa nikaelewa kila sharti nililokuwa nalirudia kama kasuku. Halitaki jua kali kwa sababu kwao jua halifiki. Halitaki kusimama kwenye maji kwa sababu kwao maji yanapita hayakai. Linaridhika na chungu kidogo kwa sababu ufa wa mwamba ndio nyumba yake.

Kiongozi alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona ingawa nina mamia ya maua haya. Kile kijiti chembamba cha kike kinachochomoza katikati, kwenye ua moja kimepinda kushoto, kwenye jingine kulia. Vile vitone vya manjano ni vifuko vya chavua, na havifunguki wazi. Vina tundu dogo tu. Nyuki wa kufugwa hajui kuvifungua. Anatakiwa nyuki wa porini, wa jamii ya Amegilla, ambaye hulikumbatia ua akatetemesha misuli ya mbawa zake mpaka chavua inamwagika kama chumvi kwenye kichupa. Tulikaa karibu saa nzima tukisubiri. Alikuja mmoja. Sauti yake ilibadilika alipotua, kutoka mvumo wa kuruka hadi mlio wa juu, mfupi, mkali. Sekunde mbili. Akaondoka.

Kitaluni kwangu hakuna nyuki huyo, ndiyo maana Saintpaulia zangu hazizai mbegu. Nazizalisha kwa jani: nakata jani pevu na kikonyo chake cha vidole viwili, nakichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi, nafunika kwa nailoni, na baada ya miezi miwili au mitatu vitoto vinachomoza. Ni njia nzuri, lakini kila kitoto ni mama yake yuleyule. Ugonjwa ukimpata mmoja, umewapata wote.

Habari ya ua hili kutoka hapa ilikuwa hivi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya Wajerumani, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliandika kwa jina la familia hiyo, Saintpaulia ionantha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya bustani ya Armacost and Royston ya Los Angeles iliotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche kumi iliyopendeza kuliko yote, na kutoka kwenye wachache hao zikazaliwa aina chungu nzima. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama cha wapenzi wa ua hili peke yake. Siku hizi wataalamu wa mimea wanaliweka ndani ya jenasi ya Streptocarpus, lakini sokoni jina halijabadilika.

Biashara yote hiyo imesimama juu ya mbegu chache zilizochukuliwa miaka zaidi ya 130 iliyopita. Jamaa zao wengine, wale wa mabonde mengine, wanaostahimili baridi zaidi au ukame zaidi au ugonjwa ambao bado haujatufikia, wako kwenye miamba kama huu, na mwamba huu unategemea kivuli cha miti iliyo juu. Kiongozi alinipeleka hatua mia mbili mbele, mahali ambapo mti mkubwa uliwahi kukatwa kinyemela. Mwamba ni uleule, kijito ni kilekile. Jua limeingia, kuvumwani imekauka ikabanduka kama rangi ya ukuta. Hakuna hata jani moja la Saintpaulia.

Sikuandika kitu kingine siku hiyo.

Siku ya nne. Bustani ya Amani

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuzunguka taasisi wakapanda bustani ya mimea, mojawapo ya zile kubwa kabisa Afrika. Walitaka kujua nini kitaota na nini kitalipa: mpira, kafuri, mdalasini, karafuu, mianzi, minazi ya kila namna, na mkwinini, ambao gome lake lilitumika hapahapa kutengeneza dawa ya malaria wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Ilikuwa kazi ya mkoloni kwa faida ya mkoloni, tusijidanganye. Hata mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, iliyokusanywa miaka na miaka, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Lakini miti ilibaki. Leo unatembea kwenye barabara ya majani, na kila baada ya hatua kumi kuna mti kutoka pembe nyingine ya dunia, mwingine umezidiwa na magugu, mwingine hauna kibao.

Sasa kile kisamvu. Mpira ule unaotupa majani ya kisamvu, Manihot glaziovii, asili yake ni Brazil, uliletwa ili ugemwe utomvu. Kama mti wa biashara haukufika mbali. Lakini kuanzia miaka ya 1930, ugonjwa wa batobato ulipokuwa unaumaliza muhogo wa Afrika Mashariki, watafiti wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, waliuchavusha muhogo kwa chavua ya jamaa zake wa porini, na mpira ukiwa mmoja wao. Kizazi cha kwanza kilistahimili ugonjwa lakini mizizi yake ilikuwa duni, kwa hiyo wakakichavusha tena na muhogo, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka wakapata muhogo unaolika na usiougua ovyo. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na damu hiyo ipo kwenye aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika leo. Mti uliokuwa umeachwa bila kazi kwenye bustani ndio uliookoa shamba. Nikisikia mtu anasema bustani ya mimea ni anasa ya kupigia picha za harusi, nitamsimulia hili kila mara.

Lakini bustani hii pia ina deni, na aliyenionyesha ni mama mmoja mfanyakazi wa hapa, ambaye alinichukua kama mdogo wake na kunizungusha asubuhi nzima.

"Mdogo wangu, unauona ule?" Mti mrefu, mweupe wa shina, unaokua haraka. "Maesopsis. Wageni wanausifu. Huo ndio unaotusumbua."

Ulipandwa hapa tangu enzi za Wajerumani. Asili yake ni misitu ya upande wa Uganda na ziwani, kwa hiyo hapa ulipofika haukuwa na wa kuuzuia. Msitu ulipofunguliwa na wavuna mbao, kazi ambayo ilikuja kusimamishwa miaka ya 1980, Maesopsis ukaingia kwenye kila pengo. Hondohondo wanapenda matunda yake. Wanameza, wanaruka, wanadondosha mbegu katikati ya msitu wa asili. Wakati tunazungumza walipita watatu juu yetu, mbawa zao zinavuma kama mtu anayepepea ungo.

"Si kosa la ndege," alisema. "Ni sisi tuliopanda bila kuuliza utakwenda wapi."

Nilifikiria Lantana ninayouza kwa ajili ya uzio kwa sababu haifi. Haifi, kweli. Nimeiona jana kwenye ukingo wa msitu, imefunga njia. Nikirudi naiondoa mezani.

Siku ya tano. Kijijini

Siku hii nilikuwa nimeipanga fupi ikawa ndefu.

Watu wa vijiji hivi wameishi kwa iliki muda mrefu. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima anaacha miti mikubwa, anafyeka chini, anapanda. Ukitazama kutoka barabarani unaona msitu mzima. Ingia ndani: miti ya juu ipo, chini ni iliki tupu, hakuna mtoto wa mti hata mmoja. Mzee anapoanguka hana mrithi. Baada ya miaka kadhaa ardhi inachoka, iliki inapungua, na mkulima anasogea mbele. Sina ujasiri wa kumlaumu. Wengine walitolewa kwenye mashamba yao ili misitu iunganishwe, na nilikutana na bibi mmoja ambaye hadi leo anahesabu kwa vidole mashina ya iliki yaliyobaki upande wa pili wa mpaka. Anayeandika kuhusu uhifadhi bila kumsikiliza bibi yule ameandika nusu ya habari.

Ndiyo maana nilichokiona mchana kilinigusa. Bonde hili lina umoja wa wakulima wahifadhi, UWAMAKIZI, na mambo ya matuta na vitalu vya vikundi yanajulikana na watu wengi. Kitalu nilichotembelea ni cha kikundi cha akina mama, chini ya mfenesi, viriba vimepangwa kwa mistari kama darasa. Kuna pilipili manga za vipandikizi, mdalasini, karafuu, parachichi za kubebesha, na upande mmoja miti ya asili. Kati ya hiyo upo msambu, Allanblackia stuhlmannii, mti wa hapa ambao mbegu zake zina mafuta magumu yanayotafutwa na viwanda. Matunda yake mazito huanguka yenyewe yakikomaa, kwa hiyo anayeyataka lazima auache mti umesimama. Shida ni kuuotesha: mbegu inaweza kulala miezi mingi ardhini, na panya buku anaijua kuliko sisi. Miti ya msambu pia ina dume na jike, na hutajua umepanda yupi mpaka miaka ipite. Ndiyo maana nao wanajifunza kuubebesha, jicho la jike juu ya mche wowote. Nilitamani yule mzee wa Muheza angekuwepo na kisu chake.

Saa tisa watoto wa shule walifika. Mama anayeongoza kitalu hakuwapa hotuba. Aliweka chini vikapu viwili, kimoja udongo mwekundu wa njiani, kingine mboji ya kikundi, akawaambia kila mmoja afumbe macho na kufinyanga donge la kila kimoja. Donge la udongo mwekundu lilibaki donge. La mboji lilishikana, na ukiligusa kwa kidole likapukutika. "Mzizi wa mche ni mlaini kuliko kidole chako," alisema. "Wewe ungetaka kupita wapi?"

Nikamuuliza kama wanachanganya udongo wa msitu. Akanitazama kama nimemuuliza kama wanaiba.

"Tulikuwa tunachota. Tukaona ukichota kwa ajili ya miche elfu, umeua miche ambayo Mungu alishaipanda." Akanionyesha rundo lao. Majani makavu ya mfenesi na mgomba, nyasi mbichi, samadi ya mbuzi, tabaka juu ya tabaka, maji ya kutosha kulowesha, na fimbo imechomekwa katikati. Alichomoa fimbo akanipa nishike: ya moto, nikaiachia. Ikiwa ya moto, vijidudu vya kuozesha vimeshika kazi. Ikipoa kabla ya wakati, geuza. Kila baada ya wiki mbili wanageuza, cha nje kwenda ndani, na kwa miezi mitatu hivi kinachotoka ni cheusi, chepesi, kinanukia mvua.

Kinanukia vilevile. Nilikichukua mikononi nikakinusa mbele ya watoto, wakacheka, na sikujali.

Niliandika vipimo vyao kwenye daftari, nikaongeza vyangu pembeni: pwani tuna makumbi ya nazi yanayochomwa moto bure kila wiki, na pumba za mpunga zinatupwa mashineni. Makumbi yaliyolowekwa na kukatwakatwa yanashika unyevu kama ile kuvumwani ya mwambani. Saintpaulia haihitaji gari la udongo. Inahitaji ngumi moja.

Siku ya sita. Kushuka Tanga na kurudi

Ukungu ulikuwa bado haujainuka tulipoondoka. Njiani mto Zigi unatokea na kupotea, mweupe kwenye mawe, halafu unatulia mabondeni. Maji yake hukusanywa kwenye bwawa la Mabayani na ndiyo yanayonywewa na mji wa Tanga. Nilipofika mjini nilinawa uso kwenye bomba la gesti nikayaacha yamwagike kidogo mkononi kabla sijafunga.

Nilitaka kwenda hadi miamba ya chokaa ya upande wa Amboni, kwa sababu sehemu moja ambayo Saintpaulia ilichukuliwa mwanzo ni miamba ya namna hiyo, chini kabisa, karibu na bahari, joto kama la kwangu. Muda haukutosha. Nitarudi na wale watoto wa Jumamosi, hata kama ni kumi tu kwa basi la kukodi, na yule aliyeniuliza swali atakaa mbele.

Basi lilipopita Segera simu iliita. Kijana wa Canter.

"Bosi, umepotea. Kesho nikuletee gari moja? Safari hii ni mweusi kweli."

"Unauchota wapi, mdogo wangu?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akanitajia mahali. Napajua. Ni upande wa Pugu, kwenye mabaki ya msitu ule wa kilimani.

"Kesho usilete," nikamwambia. "Gari unalo, na mimi bado nahitaji mzigo. Nenda kwa wanaofua nazi uchukue makumbi, pitia mashine ya mpunga uchukue pumba, na pale machinjioni samadi. Nakulipa ileile."

"Makumbi, bosi?"

"Makumbi. Njoo asubuhi, nitakuonyesha tunavyoyapanga."